Kufunga kebini kwenye trekta dogo la kuondolea theluji: mwongozo kamili

Anayeondoa theluji kwa trekta la wazi huchoka uso kabla ya mikono. Mashine ya kurusha theluji ikikutana na upepo wa kinyume, ule unga mweupe wote unamrudia dereva kifuani, unaingia kwenye kola, unayeyuka shingoni, kisha unaganda kwenye kope. Baada ya nusu saa unaendesha kwa jicho moja. Hapo ndipo mtu anapoanza kuulizia kebini.

Mimi nimefunga mbili, moja ya turubai na moja ya chuma na vioo. Kabla hujashika spana, nikuambie jambo moja: baridi ndiyo shida nyepesi kuliko zote. Zungushia trekta ukuta wa aina yoyote, upepo utakatika na mwili utatulia. Zinazobaki ni shida mbili, kuona na kupumua, na zote mbili unajiletea mwenyewe kwa kujifungia ndani. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye vioo, mianya na hewa, na milango nitaipitia mbio.

Ya turubai au ya chuma?

Kebini laini ni fremu ya mabomba membamba iliyovishwa turubai au vinaili, yenye madirisha ya plastiki angavu inayokunjika. Ni nyepesi, watu wawili wanainyanyua bila jasho, na inavuliwa kwa dakika chache msimu ukiisha. Ubaya wake ni kwamba plastiki ile hukakamaa kwenye baridi kali, na ukiilazimisha kukunjika inapasuka pale pale kwenye mkunjo. Kebini ngumu ina fremu ya chuma, paneli za bati au plastiki ngumu, na kioo halisi mbele. Hii inadumu miaka, ila uzito wake unaweza kufika kilo 150 au 200, na uzito wenyewe unakaa juu, mahali ambapo trekta haliupendi.

Kama utafunga wipa, usikubali plastiki mbele. Polikaboneti, ile plastiki ngumu angavu ya madirisha, unaweza kuipiga nyundo isivunjike, lakini inakwaruzika upesi. Wipa ikipita juu yake na chembe tatu za mchanga, ukifika mwisho wa msimu unatazama barabara kupitia nusu duara la mikwaruzo, na taa ya gari linalokuja inageuka wingu. Mbele weka kioo cha usalama cha tabaka mbili kama cha gari. Pembeni na nyuma, polikaboneti ya milimita 4 au 5 inatosha. Ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini tu. Dawa ya vioo yenye amonia inaitia nyufa ndogo ndogo zisizofutika.

Ule upinde wa chuma usiuguse

Nyuma ya kiti cha trekta nyingi kuna upinde wa chuma wa kumkinga dereva trekta likipinduka. Uswidi ilianza kulazimisha kinga ya namna hii kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya madereva waliolaliwa na matrekta yao vikapungua sana. Upinde huo umejaribiwa kiwandani kama kitu kizima. Usiutoboe, usiuchomelee, usiupashe moto ili upinde kidogo kupisha fremu yako. Tundu moja la milimita 10 mahali pabaya linatosha kuufanya ukatike siku unayouhitaji.

Kebini nzuri inaushika upinde kwa klampu au boliti za U zenye raba katikati, au inatumia matundu ambayo kiwanda chenyewe kiliyaacha. Kama upinde wako ni wa kukunjwa, utabaki umesimama msimu wote, na mkanda wa kiti unaufunga kila unapopanda. Wengi wakishajiona ndani ya kuta wanauacha mkanda ukining'inia. Kuta za kebini za kuongezea, hata za chuma, si kinga ya kupinduka. Kinga ni upinde, na upinde bila mkanda haukukingi ipasavyo.

Kupima, na kosa nililolifanya mimi

Pima kimo cha mlango wa banda unakolaza trekta, tena pima pale mlango wenyewe unapofikia ukiwa umefunguliwa, maana ile ya kukunjika juu mara nyingi huacha ukingo unaoning'inia. Toa kimo cha kebini, toa taa ya tahadhari ya paani, toa unene wa theluji iliyogandamana sakafuni mlangoni. Kikibaki chini ya upana wa kiganja, tafuta kebini fupi au ishushe taa ubavuni.

Kisha liendeshe trekta lako katika kila hali litakayokutana nayo kazini. Nyanyua mikono ya kijiko mpaka mwisho. Zungusha usukani hadi ukomo kila upande. Fungua boneti yote. Sogeza kiti mbele na nyuma. Funga minyororo kwenye matairi kabla ya kupima madigadi, kwa sababu mnyororo ukilegea hutanuka na kuchapa chochote kilicho karibu. Mimi naacha nafasi ya sentimita 5 kati ya mnyororo na paneli.

Kuhusu boneti nina kisa. Kebini yangu ya kwanza niliifunga boneti ikiwa chini, nikajipongeza, nikaenda kulala. Asubuhi nataka kupima oili, boneti inapanda vidole vinne na kugonga mwamba wa fremu. Majira yale yote nilipima oili kwa kufungua boliti sita. Kwa hiyo jiulize mapema: kijiti cha oili kiko wapi, mafuta yanamiminwa wapi, fyuzi ziko wapi, na betri inatolewa kwa njia gani?

Kusimamisha fremu

Osha trekta lote, hasa chini ya kiti na kwenye nguzo ya upinde. Piga picha kila sehemu utakayoifungua. Paki sakafu ya usawa, tia breki ya mkono, toa funguo, chomoa waya wa hasi wa betri.

Anza na vishikio vya chini, vile vinavyofungwa kwenye ubao wa kukanyagia na kwenye madigadi. Kati ya chuma cha kebini na chuma cha trekta lazima kuwe na raba. Ukifunga chuma kwa chuma, kila pigo la injini linapanda kwenye paneli na kebini inakuwa ngoma, nawe umekaa ndani yake. Hata na raba, kelele ndani ya kebini ya kuongezea huwa kubwa kuliko nje, kwa sababu sauti inagonga kuta na kurudi. Bandika sponji nene isiyonywa maji kwenye paneli za chini na juu ya dari, na vaa kinga ya masikio vilevile.

Simamisha nguzo, weka miamba ya mlalo, ingiza boliti zote, lakini nati zikaze kwa vidole tu. Hapa ndipo watu huharibu. Wanakaza kona ya kwanza kwa nguvu zote, kisha kona ya nne inakataa kuingia, basi wanaanza kupanua matundu kwa tupa. Boliti zote zikiwa ndani na bado zinacheza, chukua tepu upime fremu ya mbele kutoka kona hadi kona, mshazari kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko mraba. Vikipishana zaidi ya milimita 3, sukuma kona yenye urefu mkubwa mpaka vilingane. Fanya hivyo nyuma, fanya na kwenye fremu ya kila mlango. Pimamaji ikusaidie kuona kama paa limelala sawa, ingawa mimi hupendelea liinamie nyuma kidogo ili theluji ikiyeyuka isidondokee kioo cha mbele.

Sasa kaza, ukienda kona hadi kona kwa mkingamo kama unavyokaza tairi. Boliti ya M8 ya daraja 8.8 inataka kama Nm 25 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya M10 kama Nm 50. Palipo na raba fuata raba: ikaze hadi itune kidogo pembeni, isipondeke. Tumia nati zenye plastiki ndani ili mtikisiko usizilegeze, na baada ya saa ya kwanza ya kazi zipitie zote tena. Lazima utakuta mbili tatu zimelegea.

Paneli, vioo na ile mianya ya miguuni

Polikaboneti hunywea kwenye baridi kuliko chuma. Paneli ya mita 1 uliyoifunga kwenye banda lenye nyuzijoto 20 itapungua karibu milimita 3 ukiitoa nje kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Ukiwa umetoboa tundu linalobana boliti, paneli haina pa kusogea, na ufa unaanzia kwenye tundu. Kwa boliti ya milimita 6 toboa tundu la milimita 9, weka washa pana yenye raba, kaza kwa upole. Toboa kwa drili ya mwendo wa taratibu ukiwa umebana kipande cha mbao nyuma, na karatasi ya kukinga usiibandue hadi mwisho.

Kioo cha mbele kikae kwenye raba yenye mfereji, kisiguse chuma popote. Paka raba maji ya sabuni, anzia chini, panda pembeni, malizia juu. Wipa ifungwe upande ambao mkono wako hautaugonga mtambo wake kila unapogeuka. Ukilaza trekta nje, inua mkono wa wipa usigandane na kioo. Ukiiwasha ikiwa imeganda, mpira unachanika, au mtambo unaungua.

Milango haina siri. Bawaba za kuchomoka ni bora kuliko za kudumu, komeo lazima lifunguke kwa mkono wenye glovu nene, na lazima kuwe na njia ya pili ya kutokea, iwe dirisha la nyuma au mlango wa upande mwingine. Trekta likilalia ubavu, mlango wa upande huo haupo tena.

Chini sasa. Mtu anaweza kuwa na vioo vya fahari huku miguu ikiganda, kwa sababu hewa yote inaingia kupitia matundu ya pedali, leva na nguzo ya usukani. Kaa ndani wakati wa usiku, mwenzako azunguke nje na tochi kali. Kila unapoona mwanga, weka alama kwa chaki. Matundu ya waya na mipira yazibwe kwa raba zenye tundu katikati. Ya leva na pedali yavishwe viatu vya ngozi au mpira vinavyokunjika pamoja na mwendo wa leva, kisha ujaribu kila pedali mpaka mwisho na irudi yenyewe bila kukwama. Pedali ya mwendo ikinasa kwenye kipande cha sponji, trekta halitasimama unapotaka. Sakafuni weka mpira mzito wenye kingo zilizoinuka ili theluji ya viatu iyeyukie ndani yake, uumwage nje ukimaliza.

Hapo hapo miguuni kuna ukuta unaotenga injini na dereva. Huo uuzibe kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Joto, ukungu na hewa

Siku ya kwanza ukijifungia utaona hivi: ukungu unaanza kwenye pembe za kioo, upande wa mlango, halafu unatambaa kuelekea katikati. Baada ya dakika kumi umebaki na tundu la ukubwa wa sahani. Unafuta kwa glovu, na ulipofuta panageuka barafu. Unaongeza joto, ukungu unazidi.

Sababu yake ni maji. Yanatoka kwenye pumzi yako na kwenye theluji inayoyeyuka viatuni. Hewa ya nyuzijoto 20 inaweza kubeba karibu gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri inabeba gramu 2 na kidogo tu. Ukizungusha hewa ile ile ya ndani unaipasha moto ikiwa na maji yake, ikigusa kioo baridi inayamwaga yote. Lakini ukivuta hewa ya nje, iliyo baridi na kavu, ukaipasha hadi nyuzi 20, inakuwa na kiu. Inapita juu ya kioo inakunywa ukungu. Kwa hiyo hita yako ivute hewa kutoka nje, ipulizie kwanza chini ya kioo cha mbele kupitia mdomo mwembamba mrefu, na mahali fulani nyuma juu paachwe upenyo wa kutokea, upana wa vidole viwili. Kebini iliyozibwa kabisa bila upenyo huo haitakauka hata ungeweka tanuri.

Joto lenyewe linatoka wapi? Injini inayopozwa kwa maji ndiyo rahisi. Unafunga hita ndogo yenye feni, maji ya moto yanatoka kwenye injini na kurudi kwenye mpira unaoelekea pampu. Yachukue upande wa injini wa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Ukiyachukua kwenye mpira wa juu wa rejeta, themostati ikiwa imefunga hupati kitu, na kwenye baridi inafunga muda mwingi. Tia bilula mbili ili kiangazi uifunge hita, kaza klipu, jaza mchanganyiko wa nusu maji nusu dawa ya kuzuia kuganda, ambao unavumilia hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri, kisha washa injini na uitoe hewa yote kwenye mipira. Hita isiyopata joto upande mmoja mara nyingi ina hewa ndani.

Injini inayopozwa kwa upepo haina maji ya kukuazima. Hita ya umeme ya wati 150 inakula ampea 12 na nusu na inakupa joto la kupasha vidole tu. Kiti chenye waya wa joto kina faida zaidi kwa umeme mdogo. Hita ya dizeli ya kilowati 2 inafanya kazi vizuri, mradi bomba lake la moshi litoke nje kabisa, mbali na mdomo wa kuvutia hewa.

Kebini nyingi laini huja na turubai la kuvisha ubavu wa injini ili hewa moto irudi kwa dereva. Linapasha kweli, ila linarudisha chochote kilichoko chini ya boneti, na kiungo cha egzosi kikivuja, kinachorudi ni kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, unadhani ni uchovu. Unasinzia, unadhani ni joto. Injini za petroli hutoa nyingi kuliko za dizeli, lakini usiiamini yoyote. Kagua viungo vya egzosi injini ikiwa baridi: alama nyeusi ya masizi pembeni ya gasketi ni ushahidi wa kuvuja. Kama egzosi inatokea ubavuni au mbele ya kebini, irefushe ipande juu ya paa au ielekee mbali na mdomo wa hita.

Weka kitambuzi cha gesi hiyo ndani, chenye kuonyesha namba. Vile vya kawaida vya nyumbani kwa viwango vya Marekani vimepangwa kulia baada ya saa 1 hadi 4 hewa ikiwa na sehemu 70 kwa milioni, na wewe hutaki kusubiri hivyo. Jaribu ukiwa nje: injini inanguruma, milango imefungwa, hita imewashwa, kwanza upepo ukitoka mbele, kisha ligeuze trekta upepo utoke nyuma. Namba ikianza kupanda, zima na utafute tundu.

Umeme: hesabu kabla ya kununua taa

Trekta dogo halina altaneta ya lori. Mengi yanazalisha ampea 20 au chini. Hebu jumlisha: taa mbili za halojeni za wati 55 ni ampea 9, wipa 4, feni ya hita 8. Tayari 21, na betri bado haijachajiwa. Badilisha zile taa kwa za LED za wati 20 kila moja, zinashuka hadi ampea 3 na ushee, na mahesabu yanakaa sawa. Ubaya mmoja wa LED: haziyeyushi theluji inayoganda juu ya lenzi, kwa hiyo zifunge mahali mkono unapofika.

Vuta waya mmoja wa milimita za mraba 6 kutoka betri, wenye fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na terminali ya chanya. Upeleke kwenye relei (swichi inayowashwa kwa umeme) inayoamshwa na funguo, ili ukizima trekta kila kitu kizimike. Kutoka hapo kila kifaa kipate fyuzi yake. Waya wa hasi uurudishe hadi kwenye betri. Usitegemee chuma cha kebini, maana kimekaa juu ya raba na kimepakwa rangi.

Kutoka nje

Trekta sasa limekuwa zito juu. Funga uzito nyuma chini, kaza minyororo, na kijiko au bamba lisafirishwe likiwa karibu na ardhi. Kwenye mteremko nenda moja kwa moja juu au chini, usikate ubavu kama ulivyozoea. Vilevile sasa upepo una ukuta wa kusukuma.

Na mdomo wa mashine ya kurusha ukiziba, kebini itakutia kishawishi kipya. Kushuka kumekuwa kazi, kuna mlango, mkanda, joto la kuacha. Utataka kuzibua haraka injini ikiendelea. Zima injini, toa funguo, subiri visu visimame, zibua kwa kijiti. Mkono usiingie humo, hata visu vikiwa vimesimama, kwa sababu vinaweza kubaki na mkazo na kuruka theluji inapoachia.

Msimu ukiisha, osha chumvi yote, hasa ndani ya viungo vya fremu, paka oili kwenye bawaba na simamisha vioo wima, usivilaze. Boliti zote zitie kwenye kopo moja na ulifunge kwa waya kwenye nguzo ya kebini yenyewe, kwa sababu kopo lililowekwa kwenye rafu halionekani tena theluji ya kwanza ikianguka.